Rangi haishiki kwenye oligo
Mdogo wangu, umesema oligo yako (kipande kifupi cha DNA) ina kundi la amino mwishoni, rangi ni esta ya NHS (kundi linaloshikana na amino), na haishiki. Umeiyeyusha oligo kwenye bafa ya Trisi (kimiminika cha kutuliza pH)? Basi mchawi ni huyo: Trisi nayo ina amino, inaimaliza rangi kabla oligo haijaonja. Isafishe oligo kwa ethanoli, kisha tumia bikaboneti ya sodiamu, pH 8.5. Halafu unyevu wa Tanga huu! Kichupa cha rangi kikitoka friza hutoa jasho kama soda ya Ngamiani, na maji huivunja esta. Kiache kwanza kipate joto la chumba, ndipo ufungue (mimi nilishapoteza kizima). Ikigoma tena, agiza oligo yenye azidi na rangi yenye DBCO (makundi mawili yanayoshikana yenyewe); njia hiyo haihitaji kichocheo cha shaba wala haijali Trisi.