Kabla Hujauliza Shamba Ni la Nani: Ushauri kwa Wanaokwenda Kuishi Vijijini Minangkabau

Ninawaandikia wanafunzi wenzangu mnaojiandaa kwenda kuishi vijijini katika nyanda za juu za Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, iwe ni kwa utafiti au kwa ile kazi ya kujitolea ambayo vyuo vikuu vya huko huwataka wanafunzi waifanye vijijini na ambayo huitwa KKN. Mimi nilikaa miezi kumi na mmoja katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tanah Datar, chini ya mlima Marapi wenye urefu wa mita 2,891, nikichunguza kilimo cha mpunga na mboga. Nimezaliwa Mgeta, katika milima ya Uluguru, kwa hiyo baridi ya alfajiri, mashamba yaliyochongwa kwa ngazi na mizigo ya kabichi mgongoni havikuwa vigeni kwangu. Kilichonipa taabu kilikuwa mali: nani anayo, nani anaitumia, na nani lazima aulizwe kabla haijaguswa.

Katika wiki ya pili nilichukua futi kamba nikaanza kupima majaruba ya familia iliyonipokea. Baba wa nyumba alikuwa ameniruhusu kwa furaha, na mimi nikadhani kwamba ruhusa yake inatosha. Kabla ya magharibi akafika mzee mmoja, kaka wa mama mwenye nyumba. Aliketi sakafuni, akanywa chai taratibu, akazungumzia mvua na bei ya pilipili, na mwisho akaniuliza kwa upole vipimo vile vitaandikwa kwa jina la nani. Sikuwa na jibu. Baba wa nyumba aliinamisha kichwa, na hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimemwaibisha mwenyeji wangu kwa kumwomba kitu ambacho hakuwa na mamlaka ya kukitoa.

Jambo lenyewe ni hili. Waminangkabau, wenyeji wa nyanda hizo, ambao ni Waislamu karibu wote, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya urithi hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mume huhamia nyumbani kwa mkewe na huitwa *sumando*. Huheshimiwa na kukaribishwa vizuri, lakini katika mali ya nyumba ile yeye ni mgeni, na wazee wa zamani walimfananisha na majivu juu ya kisiki, ambayo upepo ukivuma huondoka nayo. Mwanamume mwenye kauli juu ya shamba ni mjomba, *mamak*, yaani kaka wa mama, naye hana haki ya kulila wala kuliuza. Kazi yake ni kulilinda kwa ajili ya dada zake na wapwa zake. Kwa hiyo mwanamume mmoja huwa na nyumba mbili: ile anayolala, ambako hana sauti juu ya ardhi, na ile ya mama yake, ambako ana sauti lakini halali. Ukikutana na mzee, usimwambie "shamba lako ni zuri" kabla hujajua umemkuta katika nyumba ipi kati ya hizo mbili.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna mlango wa kuingilia katika jambo hili. Kundi dogo la jamaa wanaomiliki kwa pamoja huitwa kule *paruik*, neno ambalo maana yake ni tumbo, nasi tunasema ndugu wa tumbo moja. Waluguru wa kwetu, na Wangazija wenye ardhi yao ya manyahuli inayopita kwa wanawake, wataelewa haraka zaidi kuliko wengine. Hata hivyo, nawaonya wenzangu wa kutoka koo za mama kwamba kufanana kusiwalewe. Mimi nilijiona nimeshajua kwa sababu kwetu pia mjomba ni mtu mkubwa, na ni kujiona huko kulikonifanya nisiulize.

Mali yenyewe ni ya namna mbili, na kuzichanganya ni kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Kuna mali kuu ya urithi, *pusaka tinggi*, iliyopokewa kwa vizazi vingi: majaruba ya mpunga, kiwanja, nyumba kubwa yenye paa lililochongoka kama pembe za nyati, na maghala ya mpunga yaliyo mbele yake. Hiyo haigawanywi kwa vichwa. Kila binti hupewa sehemu ya kulima na kula, na akifariki bila binti sehemu yake hurudi kwa jamaa wa tumbo lile. Kisha kuna mali ya kuchuma, yaani duka, pikipiki, ng'ombe, au shamba ambalo mume na mke wamelinunua kwa jasho lao, na hiyo ina njia nyingine kabisa ya kurithiwa.

Mnaotoka katika familia za Kiislamu mtauliza, kama nilivyouliza mimi, je, sheria ya mirathi iko wapi? Swali hilo halikuanza na sisi. Sheikh Ahmad Khatib al-Minangkabawi, aliyezaliwa Agam mwaka 1860 na kufikia kuwa imamu na mwalimu wa madhehebu ya Shafii katika Msikiti Mtakatifu wa Makka, aliupinga vikali urithi wa kwenda kwa wapwa, yaani watoto wa dada, badala ya watoto wa marehemu, na wanafunzi wake waliorudi nyumbani waliendelea kulijadili jambo hilo. Mwaka 1952 wakuu wa koo, maulamaa na wasomi walikutana mjini Bukittinggi wakakubaliana kwamba mali kuu ya urithi ifuate mila, na mali ya kuchuma igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Hoja niliyoisikia mara nyingi kwa wazee ni kwamba mali kuu haikuachwa na marehemu yeyote, kwa kuwa hakuna mtu mmoja aliyewahi kuimiliki. Inafanana na wakfu kuliko tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Mtu anaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini asidhani kwamba watu wale hawaijui dini yao. Wanasema wenyewe kwamba mila husimama juu ya sharia, na sharia husimama juu ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Msikilizeni imamu na mkuu wa ukoo kabla ya kutoa fatuwa zenu barazani.

Mahali ambapo nilijifunza zaidi ni katika rehani. Mali kuu haiuzwi, na hata kuiweka rehani kunakubalika kwa dharura nne tu zinazojulikana na kila mtu: maiti imelala nyumbani na hakuna gharama za mazishi, binti amekuwa mtu mzima na hakuna uwezo wa kumwozesha, nyumba kubwa inavuja, au ukoo unataka kuinua gogo lililozama, maana yake kumsimika mkuu mpya baada ya cheo kukaa bila mtu. Katika maisha ya siku hizi karo ya chuo kikuu na gharama za hospitali nazo zimejipenyeza humo, na jamaa hukaa usiku kucha wakijadili kama zinaweza kuhesabiwa. Rehani huhesabiwa kwa dhahabu. Kipimo huitwa emas, na emas moja ni gramu 2.5; aliyelipokea shamba kwa emas 20 atakuja kulipwa thamani ya gramu 50 za dhahabu siku ya kukombolewa, hata kama ni baada ya miaka thelathini, na kwa muda wote huo yeye ndiye anayevuna. Sheria ya serikali ya mwaka 1960 inaagiza kwamba shamba lililokaa katika rehani miaka saba au zaidi lirudishwe bila malipo. Kijijini sikumwona mtu aliyekuwa tayari kuitumia sheria hiyo dhidi ya jirani yake, kwa sababu aliyetoa dhahabu aliitoa siku ya msiba, na kumnyang'anya shamba bila kumrudishia ni kuusahau msiba ule.

Basi ukimkuta mtu analima jaruba, usiandike kwamba ni mmiliki. Huenda ni mpokea rehani. Huenda analima kwa nusu kwa nusu, utaratibu uitwao *mampaduoi*, ambao pia hutumika kwa mifugo: mmoja hutoa ng'ombe, mwingine humlisha, na ongezeko hugawanywa. Huenda ni *sumando* anayelima sehemu ya mkewe. Katika daftari langu la kwanza safu ya "mwenye shamba" ilikuwa moja, na data za wiki tatu zilinibidi nizitupe. Daftari la pili lilikuwa na safu nne: anayelima, anayekula mavuno, tumbo lenye shamba, na mjomba wa kuulizwa. Anzeni na hilo la pili.

Kosa jingine nililifanya kwa nia njema kabisa. Niliazimwa kipande cha ardhi kwa ajili ya majaribio ya mboga, nikapanda pembeni miche kumi ya kahawa kama zawadi kwa familia. Miche iling'olewa kimya kimya. Mboga ni ya msimu, hupita. Mti wa kudumu husema kwamba aliyeupanda anakusudia kubaki. Nilipaswa kulijua hilo, maana hata kwetu aliyeazimwa shamba hapandi mti bila ruhusa. Kahawa nayo ina kumbukumbu yake kule: kuanzia mwaka 1847 hadi 1908 Waholanzi waliwalazimisha wakulima wa nyanda hizi kuilima na kuipeleka yote kwenye maghala yao, na hadi leo watu hunywa *kawa daun*, kinywaji cha majani ya mkahawa yaliyokaushwa kwa moshi, katika kifuu cha nazi. Mkikaribishwa kinywaji hicho, kinyweni kwa heshima.

Kuhusu kununua ardhi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kuna wenzetu wanaopenda kijiji kiasi cha kutaka kubaki. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, haimruhusu mtu asiye raia kuwa na umiliki kamili. Njia ya mkato ya kuandikisha kwa jina la rafiki au mchumba ni batili kwa sheria hiyo hiyo: ardhi huangukia mikononi mwa serikali na fedha zilizolipwa haziwezi kudaiwa. Isitoshe, mtu anayekubali kukuuzia kipande cha mali kuu bila saini za jamaa wake amekuficha jambo. Kwa ardhi ya namna hiyo watu huandaa *ranji*, mchoro wa kizazi cha akina mama, ili ijulikane nani wana haki ya kuulizwa, na mjomba mkuu wa warithi hutia saini. Kama hamjaonyeshwa mchoro huo, hamjaonyeshwa shamba.

Mambo ya kila siku ni mepesi zaidi. Toeni taarifa kwa mkuu wa kitongoji, *jorong*, ndani ya saa 24 tangu kufika, kisha nendeni kwa *wali nagari*, mkuu wa kijiji. Vueni viatu, ketini sakafuni, leni kwa mkono wa kulia. Mwiteni kaka Uda, dada Uni, na mama wa nyumba Amak; na mwanamume aliyekwisha kupewa cheo cha Datuak, yaani mkuu wa ukoo, msimwite tena kwa jina la utotoni, kwa kuwa mdogo ana jina na mkubwa ana cheo. Mkienda kwenye soko la ng'ombe mtawaona wanunuzi wakishikana vidole chini ya sarongi ili bei isijulikane na waliosimama karibu. Desturi hiyo huitwa *marosok*. Msiulize bei iliyoafikiwa.

Mtasikia pia maneno mawili katika kila kikao: *musyawarah* na *mufakat*. Ni mashauri na mwafaka, maneno tuliyoyapokea pamoja kutoka Kiarabu. Hata hivyo, msitarajie kura wala kikao cha saa moja. Ruhusa yangu ya kupima mashamba ilichukua siku kumi na tisa. Wajomba walikutana kwanza peke yao, kisha mama wa nyumba na dada zake wakakutana jikoni, kisha ndugu wawili walioko Jakarta wakapigiwa simu, kwa sababu mtu aliyekwenda kutafuta maisha ugenini hapotezi sauti yake. Nilikereka sana siku zile, nikihesabu muda wa masomo unavyokwisha. Ijumaa moja baada ya sala, mjomba yule yule alishika ncha ya futi kamba yangu, na bibi wa nyumba, ambaye ndiye mshika funguo za ghala, akatembea mbele yetu juu ya kingo za majaruba akitaja mipaka: jiwe hili, mfereji ule, shina la mdalasini lililokatwa kabla mama yako hajazaliwa. Nilipata katika asubuhi ile mambo ambayo nisingeyapata kwa mwaka mzima wa kupima kwa ruhusa ya mtu asiyehusika.

Tarehe 11 Mei 2024 mvua kubwa iliteremsha kutoka Marapi matope, mawe na majivu, gharika ambayo wenyeji huiita *galodo*. Watu zaidi ya 60 walifariki katika Tanah Datar na wilaya za jirani na mashamba mengi yakafukiwa. Kijiji nilichokaa kilinusurika, lakini wiki ile mjomba alikuja kuniomba nakala ya ramani, kwa kuwa matope yakipita, mwenye kukumbuka jiwe na mfereji hana tena cha kuonyesha kwa kidole. Nilimpa nakala moja, na nyingine nikampa bibi mwenye funguo. Nanyi fanyeni hivyo kabla ya kuondoka, na pale penye nafasi ya jina la mwenye shamba, andikeni jina la tumbo.