Kabla hujasema "ana kiburi"

Oktoba ile nilikuwa najenga huko Chamwino, na maji ya ujenzi tulinunua kwa kijana mwenye mkokoteni wa punda, madumu kumi ya lita 20 kwa safari moja. Siku hiyo, katikati ya korongo lenye mchanga, punda akasimama. Mafundi walikuwa wananisubiri. Nikasema, "Mchape huyo, ana kiburi."

Kijana hakunijibu. Alishusha madumu mawili, akalegeza mkanda wa kifuani, akaniita. Chini ya mkanda palikuwa na kidonda kama sarafu ya shilingi 200, nzi wamejaa.

"Mama, huyu haringi. Anaumwa."

Nilichokifanya pale ni hiki: nilimpa punda akili ya kunikomoa, nikamnyima ngozi ya kuuma. Na methali zetu zilishanizoesha. Asante ya punda ni mateke, tunasema, wala hatuulizi alibeba nini kabla ya kurusha hilo teke. (Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, lakini korongoni pale sheria ilikuwa ni yule kijana.)

Mwaka 2007 Heather Gray, Kurt Gray na Daniel Wegner wa Harvard walichapisha utafiti ambapo watu walilinganisha akili za wahusika mbalimbali: mtu mzima, mtoto mchanga, chura, roboti, hata Mungu. Majibu yakajigawa pande mbili: uwezo wa kuhisi, kama njaa, hofu na maumivu, na uwezo wa kutenda, kama kupanga na kujizuia. Mtoto mchanga alipewa kuhisi kwingi na kupanga kidogo sana. Roboti alipewa kupanga kiasi, kuhisi karibu na sifuri. Anayeonekana kupanga ndiye tunayemlaumu. Anayeonekana kuhisi ndiye tunayeogopa kumuumiza.

Langu mimi ni kwamba mara nyingi hatupimi kwanza. Tunakuwa tumeshaamua kulaumu, ndipo tunamtafutia mtu akili inayofaa kulaumiwa.

Ungedhani punda alinifundisha. Wapi! Mwezi haukuisha, binti anayenisaidia kazi nyumbani akanyamaza siku tatu. Nyama anaacha, anakula mlenda tu, tena polepole, mtandio umefunika shavu. Nikampigia dada yangu simu kumwambia huyu mtoto amenuna, sasa ananifanyia madaha mezani. Siku ya nne mtandio ukateleza: taya limevimba, jino la nyuma limeoza. Usiku wote huo alikuwa halali, na chumba chake kiko ukuta mmoja na changu.

Tangu hapo maneno kama kanuna, ana jeuri, anajifanya, nayashuku yakiwa mdomoni mwangu mwenyewe. Likinijia, nauliza kwanza: umelala? Umekula? Unaumwa wapi? Kwa asiyeweza kusema, mtoto, mgonjwa wa kiharusi, mnyama, nakagua kwa macho na mikono. Usiulize umesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, utajibiwa "sijambo, mama". Kaa chini. Na wakati mwingine utakuta kweli mtu kanuna, tena kwa sababu yako, hilo nalo ulipokee.

Binti alipotoka kung'oa jino nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikusikia ukiongea na simu, mama," akasema.