"Mitoki ya ubongo" au mishipa ya limfu?

Mwenzetu wa Kisauni anatayarisha kijikaratasi cha afya cha kubandikwa ukutani kwenye zahanati, naye ametuletea sentensi anayoitilia shaka: "Mitoki ya ubongo ikiziba, sumu hubaki kichwani na kusababisha usahaulifu wa uzeeni." Auliza kama mitoki ni neno sahihi hapo, na kama aandike mfumo wa limfu wa ubongo au mfumo wa limfu ya ubongo.

Mitoki, hapana. Mtoki ni uvimbe wa tezi, hasa kinenani. Mtoto akichomwa mwiba wayoni na kidonda kikafanya usaha, baada ya siku mbili tatu huanza kuchechemea. Ukimpapasa kinenani wakuta donge linalouma. Huo ndio mtoki. Ni dalili, si njia ya kupitishia maji. Msomaji wa zahanati akiona "mitoki ya ubongo" atafikiria madonge kichwani, na atarudi nyumbani na hofu ya saratani.

Njia zenyewe ni mishipa ya limfu, na neno mshipa lisiachwe peke yake. Kuna mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na wazee wetu wakisema fulani ana mshipa, wamaanisha maradhi ya sehemu za siri. Limfu ni majimaji yanayokusanywa katikati ya seli na kurudishwa kwenye damu. Watu wa Pwani waijua kazi hiyo kupitia matende: minyoo hukaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, maji yakakosa pa kupita, mguu ukafura. Anza na mfano huo, utaeleweka upesi. Tahajia ni limfu, kwa u, kama klabu na pampu: mkopo unaoishia kwa sauti ya mdomoni mara nyingi hufungwa kwa u.

Sasa wa na ya, na hapa ndipo penye uzito. Katika mfumo wa limfu wa ubongo, wa ya pili yafuata mfumo: huo ni mfumo unaouhudumia ubongo. Ukiandika ya, imefuata limfu, nawe umeshasema ubongo una limfu yake ndani. Sivyo. Mishipa hiyo haimo ndani ya nyama ya ubongo. Imo kwenye tando zinazoufunika. Mwitalia Paolo Mascagni, mtaalamu wa maumbile ya mwili, aliieleza mwaka 1787, lakini kwa muda mrefu wanafunzi walifundishwa kwamba haipo, mpaka mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, la Virginia (Marekani) na la Helsinki (Ufini), yalipoionyesha kwa panya. Mwaka 2017 ikaonekana kwa binadamu kupitia picha za MRI. Kwa hiyo andika wa, au bora zaidi: mishipa ya limfu iliyo kwenye tando za ubongo. Neno "iliyo" lazuia "ya" mbili kufuatana bila kujulikana ipi ni ya nani.

Kinachopita humo kwa sehemu ni ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo, yaani majimaji yanayovizunguka. Mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku, kwa hiyo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Sehemu yake hushukia kwenye tezi za limfu zilizo ndani ya shingo.

Usiichanganye mishipa hii na mfumo wa glimfu, jina lililotolewa mwaka 2012 kwa kuunganisha glia (seli zinazozihudumia seli za fahamu) na limfu. Huo si mishipa ya limfu. Ni njia ya ugiligili kandokando ya mishipa ya damu, kuingia katikati ya seli za ubongo, ikisaidiwa na seli za glia. Kama karatasi ni ndogo, uache kabisa.

Sumu pia iondoke. Amiloidi, inayorundikana katika maradhi ya usahaulifu ya Alzheimer, hutokana na protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza, iite taka. Na usiandike "ubongo huoshwa", kwani kuoshwa ubongo watu wamekwisha kukuelewa kuwa ni kutiwa kasumba. Sema taka huondolewa.

La mwisho ni kusababisha. Ushahidi mwingi umetoka kwa panya, na hata suala la kama usingizi huongeza usafishaji huo bado labishaniwa. Hu- katika Kiswahili ni ya jambo lililozoeleka, na msomaji atalichukua kuwa limethibitika, basi hapa tumia neno "huenda", yaani labda.

Sentensi yako iwe hivi: "Mishipa ya limfu iliyo kwenye tando za ubongo husaidia kuondoa taka, ikidhoofika, huenda taka zikarundikana, na hali hiyo inahusishwa na usahaulifu wa uzeeni."