Uwanja ujengwe wapi, nani alipe?

SWALI: Shkamoo mhariri. Kwa nini Simba na Yanga wasijengewe uwanja katikati ya mji? Kwa Mkapa mbali jamani, mechi ikiisha usiku daladala za kugombania. (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Marahaba. Sasa ndugu yangu, uwanja wa watu 60,000, wote watoke mara moja pale Posta, si balaa? Ule wa Temeke serikali ilijenga kwa msaada wa China, shida yako ni usafiri, sio uwanja. Ila hilo la "wajengewe" mi nakataa, mbona Azam walijijengea wenyewe huko Chamazi. Las Vegas kule Marekani walipojenga uwanja wao, pesa ya umma ilitoka kweli, dola milioni 750, lakini waliikata kwenye kodi ya vyumba vya hoteli, yani mgeni ndo analipa, sio mama ntilie.