Kabla Hujachapisha Ua, Kaa Nalo

Chapa yangu ya kwanza kuuzika, yaani mchoro wa mmea niliouchapisha kwenye karatasi, ilikuwa ya murembe, mti wa kwetu wa maua mekundu. Niliuchora nikiwa mezani kwangu hapa Kisumu, nikitazama picha tatu nilizozipata intanetini, nikaupaka rangi za maji, nikachapisha nakala 40 na kuzipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Mzee mmoja kutoka Vihiga akasimama mbele ya meza yangu kwa muda. Nilidhani anawaza bei. Kisha akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, mti huu umeuona wapi?"

Nikamwambia ni murembe.

"Murembe naujua. Ukichanua huwa hauna majani. Majani huja baadaye. Wewe umeuchora na vyote viwili, tena majani tele kama mwembe."

Alinunua nakala moja hata hivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kiangazi kilipoingia nilipanda matatu hadi Maragoli nikautafuta mti wenyewe. Gome lake limepasukapasuka kama kizibo cha chupa, na miiba imekaa juu ya vinundu vinene. Matawi yalikuwa matupu. Kwenye ncha ya kila tawi kulisimama shada la maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, mfano wa mwenge, na chini ya kila ua sepali, vile vijani vinavyofunika tumba, zimechanika zikawa nyuzi nyembamba ndefu. Nyuzi hizo hazikuonekana kabisa katika zile picha tatu. Ndege aina ya chozi walikuwa wakiingia na kutoka, na kila walipotua shada liliyumba. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi jua la saa saba, na nikajua kuwa nakala zangu zote 40 zilikuwa za mti usiokuwepo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi na chapa za maua ya kwetu, jibu langu ni hilo: anza na mmea ulio mbele ya macho yako. Mnunuzi wa hapa hanunui pambo tu. Ananunua mti wa kwao, na mti wa kwao anaujua kuliko wewe.

Kisha hakikisha kweli ni wa kwetu. Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea. Jakaranda inayopamba barabara zetu ilitoka Amerika Kusini. Bogonivilia vilevile. Yale maua ya manjano ya uzio ambayo Waluhya wengi huyaita maua amalulu, yaani Tithonia, ambayo kila boma la Magharibi lina uzio wake, asili yake ni Meksiko. Hata gugu maji, lenye ua la zambarau lililo zuri mno ukilitazama kwa karibu, lilitoka Amerika Kusini na kuanza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na wavuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu watakueleza hasara yake. Hakuna ubaya kuyachora. Ubaya ni kuandika chini yake kwamba ni maua asilia ya Nyanza, mtu akayatundika sebuleni akiamini hivyo.

Ya kwetu hayajakwisha wala hayajachorwa vya kutosha. Kuna siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, yenye tarumbeta za manjano na mistari ya kahawia iliyokolea kooni. Kuna kifabakazi, ambao Wakenya wengi tunauita Nandi flame, wenye matumba yaliyojaa maji ambayo kila mtoto wa huku amewahi kumrushia mwenzake. Kuna yungiyungi la samawati. Na kuna Gloriosa superba, ambayo imenifundisha kuchora kuliko mwalimu yeyote.

Gloriosa hupanda vichakani kwa kujishika na ncha za majani yake, kila jani limejikunja mwishoni kama kikono. Petali zake sita hupinda kwenda juu na nyuma, kingo zikiwa na mawimbi. Stameni sita, vile vijiti vyenye chavua, zimetandazwa pande zote kama spoku za baiskeli. Sasa tazama katikati: ule mrija unaotoka kwenye ovari, kifuko cha mbegu, haushuki moja kwa moja, umepinda karibu pembe mraba na kulala upande. Ukiunyoosha kwa sababu ndivyo maua mengine yalivyo, umechora ua lingine. Na rangi haingoji. Ua linalofunguka leo likiwa na kijani na manjano litakuwa limegeuka jekundu baada ya siku chache. Mimi hupaka vipande vidogo vya rangi pembeni ya karatasi siku ya kwanza, naandika tarehe na saa, ndipo naanza kuchora umbo. Umbo hupimwa kwa bikari na rula, kwa ukubwa wake halisi, mwanga ukitokea juu kushoto kama ilivyo desturi ya michoro ya mimea. Naongeza tumba, tunda, na ua lililopasuliwa katikati. Ukimaliza nawa mikono vizuri na uweke mmea mbali na watoto: Gloriosa ni sumu, hasa kiazi chake.

Yungiyungi lina tabia yake. Hufunguka asubuhi na hujifunga jua likishakuwa kali, kwa hiyo ukifika Dunga saa nane mchana umechelewa. Patana na mwenye mtumbwi tangu jana yake.

Msituni Kakamega usikate kitu bila ruhusa. Nenda kwa walinzi, eleza kazi yako, chukua kiongozi. Wale viongozi wanajua mti upi utachanua wiki ijayo, na maarifa hayo yanastahili malipo mazuri. Mimi nikiwa huko huchora palepale nilipokaa, sichukui mmea kwenda nao nyumbani.

Kuhusu kunakili kazi za wengine, nalisema kwa sababu naliona kila mara. Joy Adamson, ambaye watu humkumbuka kwa simba Elsa, alichora mimea ya Kenya kwa miaka mingi kabla ya simba huyo, na mwaka 1947 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell huko Uingereza kwa michoro hiyo. Nyumba yake, Elsamere, iko kando ya Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, na imekuwa makumbusho. Nenda, inafaa safari. Lakini sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda mchoro kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Yeye alifariki 1980. Kwa hiyo kupiga picha michoro yake na kuichapisha uiuze ni kosa leo. Jifunze kwake, kisha chora chako.

Sasa uchapishaji, ambako pesa zangu nyingi ziliteketea. Gloriosa ya kwanza niliipeleka kwenye duka la kuchapisha mjini, nikaagiza nakala 30 bila kuona sampuli. Zilirudi rangi ya kutu. Nililalamika, nikaambiwa faili ndiyo mbaya. Baadaye nilielewa kwamba printa za kawaida huchanganya aina nne za wino, samawati, majenta, njano na nyeusi, na rangi ya chungwa inayowaka haipatikani kwa mchanganyiko huo. Zambarau safi pia haitoki vizuri. Tafuta mwenye printa ya wino wa pigmenti, yaani wino wa chembechembe za rangi, yenye katriji nane au zaidi. Hunigharimu karibu mara tatu, na silalamiki, kwa sababu wino wa pigmenti pia hustahimili mwanga kuliko ule wa kawaida. Kabla ya kuagiza, lipia kipande kimoja cha majaribio, kitoe nje kwenye mwanga wa mchana, kiweke kando ya mchoro wako. Taa za dukani hudanganya.

Mchoro wenyewe usiupige picha kwa simu. Utie kwenye skana ya bapa kwa nukta 600 kwa inchi. Mchoro wa A4 ukiukuza hadi A3 bado unabaki na zaidi ya nukta 400 kwa inchi, zinatosha hata kwa vinyweleo vya tumba la murembe. Karatasi iwe ya pamba, isiyo na asidi, laini, isiyong'aa. Mimi hutumia ya gramu 300 kwa mita ya mraba.

Halafu kuna unyevu wa ziwa. Nakala yangu moja iliyotundikwa katika nyumba ya mtaa wa Milimani iligandamana na kioo ndani ya msimu mmoja wa mvua, kwa sababu fundi aliweka kioo juu ya karatasi moja kwa moja. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi nene ya kuzunguka mchoro, isiyo na asidi, ili pawe na nafasi kati ya karatasi na kioo. Nyuma asiweke habodi tupu, ule ubao mwembamba wa mbao iliyoshindiliwa, kwani huacha madoa ya kahawia. Wala usitundike mkabala na dirisha la magharibi.

Chini ya kila chapa naandika kwa penseli jina la kisayansi, la Kiswahili kama lipo, na majina ya nyumbani: murembe kwa Kiluhya, orembe kwa Kijaluo. Majina haya siyatoi kitabuni peke yake. Namwuliza mwenye shamba nilipochorea, nikiandika pia mahali na mwezi. Mara nyingi mteja husoma majina kabla ya kutazama ua, na akilikuta la kwao hulitamka kwa sauti.

Mchoro mpya wa murembe, wenye matawi matupu, niliuchapisha nakala 50 tu, kila moja ikiwa na namba na sahihi ya penseli, na daftari linaloonyesha nani alichukua ipi. Namba 1 nilimpelekea yule mzee wa Vihiga bila malipo, nikaichukua ile ya zamani nikaichana. Namba 50 ilitoka mwezi Machi. Waliopiga simu baadaye niliwaambia imekwisha, kwa sababu niliwaahidi wale 50 kwamba hakutakuwa na nyingine. Sasa nasubiri siala iliyo nje ya lango langu ichanue.