Bunduki ya leva ya kwenda nayo Montana: uliza kwanza inatolewaje risasi

Ndugu, swali lako nimelisoma mara mbili. Shemeji yako amekualika Montana, Marekani, mwisho wa Oktoba mkawinde elk (kulungu mkubwa wa huko), mtalala kwenye mahema wiki nzima, na amekwambia uchague moja kati ya tatu alizo nazo kabatini: Winchester 94 ya .30-30, Marlin 1895 ya .45-70, au Browning BLR ya .308 (namba hizo ni aina za risasi). Zote za leva, ule mkono wa chini unaousukuma na kuurudisha ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Karibu kila aliyekujibu kabla yangu amesema .45-70, eti kwa sababu ya dubu.

Mimi nilifanya kazi misimu minne kwenye kambi ya wawindaji huko huko kabla sijarudi zangu Rongai. Nilikuwa mpishi, mtunza farasi na mbeba nyama. Basi haya ni maneno ya mpishi, mabingwa wa shabaha mnivumilie.

Msimu wa pili niliazimwa Winchester 94. Jioni moja tukarudi kambini giza limeshaingia, vidole vimekufa ganzi. Bunduki hiyo hukaa na risasi ndani ya bomba refu chini ya mtutu, unazisukumia kupitia kidirisha cha ubavuni. Kuziingiza ni raha tupu. Kuzitoa ndiyo shughuli: lazima kila moja uipitishe kwenye chemba, yaani tundu la kufyatulia, leva chini, leva juu, mpaka bomba liishe. Nilihesabu tano zikiangukia kwenye theluji nikajiambia basi, zimekwisha. Kumbe ya sita iko chemba na nyundo imesimama, tayari kupiga. Nikaishika nyundo kwa dole gumba niishushe polepole, dole likateleza. Risasi ikatoboa sufuria ya maharagwe, ikazama ardhini hatua chache kutoka walipofungwa farasi. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyekula maharagwe pia. Mwenye kambi hata hakupaza sauti, alininyooshea mkono tu nimpe bunduki yake, na msimu ule sikuishika tena.

Kosa lilikuwa langu, si la bunduki. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniuliza leva ipi ya kambini, swali langu la kwanza ni hili: utaitoaje risasi usiku, umechoka, na glavu mkononi? Windoni unaweza kukaa siku sita usifyatue hata mara moja, ila kuijaza na kuitoa ni kila siku, asubuhi na jioni. BLR ina magazini ya kuchomoa: unaivuta, unafungua leva, unaitoa ile moja ya chemba, unachungulia, unatia kidole kuhakikisha, umemaliza. Henry, chapa nyingine ya leva, nyingi zina bomba la ndani unalolivuta kutoka mbele, risasi zikamwagika kiganjani, halafu bado unakagua chemba. Marlin 1895 hutolewa kama ile Winchester yangu, moja moja, japo zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 zina kitufe cha usalama karibu na nyundo. Kitufe hicho kisikufanye uache kuhesabu.

Nguvu ya risasi sasa. Dume la elk lina kilo 300 na ushee, yaani ni mzito kidogo kuliko tandala wetu mkubwa. Zote tatu zinamuua ukimpiga kwenye mapafu. Tofauti ni umbali. .30-30 ya gramu 11 ukiilenga sawasawa kwenye mita 100, ikifika mita 200 imeshashuka zaidi ya sentimita 20. .45-70 ya kawaida, ile nzito ya gramu 26, inashuka zaidi ya nusu mita. .308 inashuka sentimita kumi na kitu tu. Kwenye msitu mnene wa misonobari hesabu hiyo haina maana, maana utamwona mnyama akiwa mita 60. Ila asubuhi elk hutoka kulisha kwenye nyasi za wazi, na macho ya mtu aliyezoea Nairobi hayajui kukadiria umbali bondeni. Niliwaona wageni wakiapa ni mita 150, kifaa cha kupimia kinasoma 270. Ukiwa na .30-30, hapo jibu ni kushusha bunduki na kusogea, au kumwacha aende.

Lingine kuhusu mabomba: risasi zimelala foleni, ncha ya hii imegusa fataki (kile kiwashio cha kitakoni) ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana hutiwa risasi za ncha bapa au butu. Hornady, watengeneza risasi, wanatengeneza zenye ncha laini kama mpira kwa kazi hiyo. Ncha kali ya chuma usiithubutu, mshtuko wa kufyatua unaweza kulipua iliyo mbele. BLR haina shida hiyo kwa sababu risasi zake zimepangwa moja juu ya nyingine.

Kuna mdau amemleta Roosevelt, yule rais wa zamani wa Marekani, kwamba mwaka 1909 alipita hapa Nairobi na leva akaua simba. Kweli, alikuwa na Winchester ya .405. Lakini ilikuwa ya muundo wa 1895, wenye magazini ya sanduku, si bomba, na bado alibeba Holland & Holland ya mitutu miwili kwa ajili ya wanyama wakubwa kama ndovu. Ukimtolea mfano, mtoe na mzigo wake wote.

Dubu: nunua kopo la dawa ya pilipili ya dubu, livae mkandani mahali mkono unafika bila kutafuta, na ujifunze kulichomoa. Chakula kitundikwe juu ya mti mbali na mahema, na nguo ulizochinjia usilale nazo. Misimu yote minne dubu alitutembelea mara mbili, na mara zote mbili alikuja kwa sababu ya mafuta ya kupikia niliyoyasahau mimi. Kujitwika teke la bunduki ya .45-70 kwa hofu, halafu ukaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, hakukusaidii na dubu wala na elk.

Kabla ya kuchagua, vaa koti nene lile utakalolivaa huko, kisha upandishe kitako cha bunduki begani. Kikikwama kwapani, ni kirefu mno. Vaa glavu, kisha uingize mkono kwenye leva. Usiku bunduki ibaki kwenye baridi ile ile, imetolewa risasi na kufungiwa mahali salama. Ukiiingiza kwenye hema lenye jiko itatoka jasho, na kesho yake lile jasho ni barafu ndani ya mashine.

Kwa upande wa sheria, viza ya matembezi peke yake haikuruhusu kushika bunduki Marekani, mpaka uwe na leseni halali ya kuwinda. Montana humtaka aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 awe amepitia mafunzo ya uwindaji, na kibali cha kuwinda elk kwa mgeni ni cha bahati nasibu inayofungwa Aprili 1. Anza sasa. Na ukirudi, geuza mifuko ya koti nje kabla ya kufunga begi. Hapa kwetu Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na mimi ganda moja tupu nililolisahau mfukoni lilinikalisha kwenye kiti cha plastiki uwanja wa ndege kwa muda wa saa tatu nikijieleza.

Kwa hiyo chukua BLR. Kama shemeji mwenyewe ndiye ataibeba hiyo, chukua .30-30 na uahidi kwamba hutapiga kupita mita 130. Mwombe pia akutafutie leva ndogo ya .22 ufanye nayo mazoezi siku mbili za kwanza, kuijaza na kuitoa zaidi kuliko kulenga. Hiyo Marlin ni ya mwaka gani, na kile kitufe kinacho au hakina?