Jibu: Speed King inayolia au Camco ya mkanda?

Salama mkuu. Umesema Speed King yako, ile pedali ya Ludwig ya kupigia ngoma kubwa (bass drum) kwa mguu, inalia na ni nzito mguuni, kwa hiyo unataka kuiuza ubaki na pedali yako nyingine, Camco ya mkanda. Subiri kwanza.

Springi za Speed King zimefichwa ndani ya zile nguzo mbili za wima za pedali, na hubanwa badala ya kuvutwa. Grisi ya zamani ikigandia humo, ndiyo huo uzito. Geuza pedali, fungua polepole skrubu iliyo chini ya kila nguzo (springi inasukuma, linda macho), ukihesabu mizunguko. Osha springi kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, paka grisi nyepesi, kisha rudisha skrubu zote mbili kwa mizunguko ileile. Beringi za ekseli zinataka tone la mafuta. Kupulizia WD-40 (mafuta ya kopo) kwa nje tu hakusaidii, kelele hurudi.

Camco ina springi moja ya nje, rahisi kurekebisha. Kagua mkanda pale skrubu zinapopita: ndipo huchanika, na ukirefuka ubao wa mguu unashuka.

Zote zikiwa nzima, mguu ndio uamue. Speed King haina mkanda, ina kiungo cha chuma, hivyo kirungu kinachopiga ngoma kinarudi pamoja na mguu bila kulegea. John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, aliitumia, kwa hiyo hoja ya kwamba haina nguvu ni porojo. Camco ni laini zaidi. Ukipiga kisigino kikiwa chini, mimi ningebaki na Speed King.